Kopo la Dawa za Mama Mkwe

Aibu hii nimekaa nayo wiki mbili na zaidi na nimechoka, kwa hiyo naisema mwenyewe kabla wifi yangu hajaieneza Sengerema yote (na kwa mdomo ule, najua ameshafika nusu).

Mama mkwe alihamia kwetu Igogo baada ya kukutwa na presha. Mtu mzima, lakini timamu, anakutajia ng'ombe wa marehemu mumewe mmoja mmoja kwa rangi, hata waliouzwa mume wangu hajazaliwa. Sasa dawa zake zilikuwa kwenye zile bahasha ndogo za karatasi, zimerundikana pamoja na zangu za mafua, mtoto anazivuta anatafuna, nikasema basi, nikamimina vidonge vyote kwenye kopo moja lenye kifuniko kigumu, bahasha nikawashia mkaa. Nikajiona nina akili.

Haikupita muda Mama akaanza. Maharage yanaungua yeye kakaa pembeni, anamwita binti yangu Limi kwa jina la wifi, anasinzia na kijiko mkononi. Akaniambia, tena si mara moja, "Mama Limi, hizi dawa zinanilevya." Nikamjibu, "Mama, kumeza ni lazima," nikamsimamia asubuhi na jioni mpaka ameze.

Majirani wakasema ni uzee, mzoee. Mume wangu naye, uzee. Neno hilo lilinichoma, maana mtu haamki siku moja tu kichwa kimezeeka, nikaapa hospitali atafika hata kwa kubebwa. Hapo sikukosea. Nilikosea kumwita wifi Milembe avuke ziwa na kivuko kutoka Sengerema aje ashuhudie, kisha arudi na Mama kijijini, kwa sababu mimi na mtoto mdogo siwezi kulinda watu wawili. Begi nilipanga mwenyewe. Mama alikaa kitandani ananiangalia, akauliza, "Nimekosa nini hapa kwenu?"

Nikafunga zipu.

Kwenye benchi la kituo cha afya, watu wamejaa, wifi akasema, "Mbona mimi namwona mzima?" Nikapandwa na hasira. Nikasimama na mtoto mgongoni nikalieleza benchi zima kwamba mama huyu hajui mchana wala usiku, jana kavaa gauni nje ndani, yaani ni kama nina mtoto wa pili. Mama akavuta khanga akafunika uso.

Nesi alipotuita mezani kwake, hapo hapo mbele ya watu, akauliza, "Dawa anazotumia mmekuja nazo?" Nikatoa kopo kwa fahari. Akamimina kwenye trei, akatenganisha kwa ncha ya kalamu, vidogo vyeupe huku, vidogo vyeupe kule.

"Hivi vya presha. Hivi vya mafua, vinaleta usingizi, na mtu mzima vinaweza kumvuruga kichwa kabisa. Nani anampa?"

Benchi zima likanigeukia. Wifi akanijibia, taratibu, "Msomi wetu wa kidato cha nne."

Daktari alimkuta presha iko juu (kumbe siku nyingine alimeza vya mafua vitupu), akampa dawa nyingine, akasema tumrudishe baada ya wiki mbili ndipo ijulikane kama kuna lingine.

Begi nililifungua jioni ile ile, wifi akavuka peke yake. Nikawapigia wote niliowaambia Mama kachanganyikiwa, mmoja mmoja, nikasema kosa ni langu. Sasa kila dawa ina bahasha yake, na anayezishika ni Mama mwenyewe.

Juzi tulirudi, daktari akaridhika. Njiani nikamwomba Mama tena msamaha kwa yale ya kwenye benchi, nikitumaini kidogo (nakiri) kwamba mengine yalimpita.

"Uliniita mtoto wa pili," akasema. "Na gauni sikulivaa nje ndani. Ndivyo lilivyoshonwa."

Kichwa chake kimerudi na maneno yangu yote yamo. Nimestahili. Kuanzia sasa mtu mzima akiniambia kitu kinamlevya, naanza kufungua kopo, mdomo nitaufungua baadaye.