Nilivyokata Utepe Mombasa Nikitokea Makaburini

Najua mnajua. Lindi nzima inajua, na wale ambao hawakuwepo ndio wanaosimulia vizuri zaidi, maana juzi tu pale stendi nimemsikia kijana ambaye mwaka ule alikuwa hata hajazaliwa akiwaeleza wenzake jinsi nilivyovuliwa medali shingoni mbele ya umati wa watu Mombasa na kuitwa mwizi kwenye kipaza sauti. Kweli, nilivuliwa. Kweli, niliitwa mwizi. Aibu niliipata, sikatai, tena aibu ya nje ya nchi (wengine mnaaibika hapahapa Rasbura, mimi nilivuka mpaka). Lakini leo nyamazeni niisimulie mwenyewe, maana mnaiharibu.

Ilikuwa zile enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba ndiyo kwanza inajaa sokoni, na kiwanda chetu cha korosho kimefungwa, sisi tumepunguzwa kazi na kuambiwa tukajitegemee. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Sasa mwili umezoea kuamka alfajiri kuwahi zamu, mwili haujui kama kazi imekwisha, unaamka tu, na mtu mzima ukikaa barazani toka alfajiri unaanza kugombana na kuku. Basi siku moja nikavaa raba za mtumba (ya kushoto ilikuwa kubwa kidogo, nikaijaza gazeti) nikakimbia mpaka Mitwero na kurudi. Kesho yake tena. Baada ya mwaka nilikuwa naishika njia ya Milola mpaka watu wa huko wananijua kwa jina, na hapa mtaani wanasema kupunguzwa kazi kumempanda kichwani.

Aliyeumia ni mke wangu, Mama Zuhura. Kila akienda bombani anaulizwa, "Leo mumeo kakimbizwa na nani?" Alivumilia weee, mpaka ikaja barua ya binamu yangu Athumani, aliyekuwa kibarua bandarini Mombasa, kwamba huko kuna mbio ndefu, kilomita arobaini na mbili, anaingia yeyote, na kila anayemaliza anavishwa medali. Nilipomsomea Mama Zuhura akaweka mwiko chini.

"Nenda," akasema. "Ukirudi na medali, nitaitundika pale mlangoni waione wote wanaonicheka. Ukirudi mikono mitupu, mbio basi. Unakaa kama waume wa wenzangu."

Nikakubali. Lakini nawaambia ukweli, nilikubali kwa shingo upande, kwa sababu mbio ndicho kitu pekee nilichobaki nacho ambacho hakuna aliyenipa na hakuna wa kunipunguza.

Safari sitaisimulia, wakubwa mnaijua barabara ya Lindi ya wakati ule, tulilala njiani na tope mpaka magotini. Nikafika, Athumani akanipokea, na Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nikasimama kwenye mstari na namba mia mbili kumi na nne kifuani, nimezungukwa na vijana wembamba wenye viatu vipya ambavyo vyote viwili vilikuwa saizi moja. Filimbi ikalia. Wale vijana wakapotea, sikuwaona tena. Mimi nikashika mwendo wangu wa Milola, na kilomita ya ishirini ikanikuta bado napumua vizuri, nikaanza kuiona medali inaning'inia mlangoni kwangu.

Hapo ndipo nikafika kwenye ile njia panda.

Polisi alikuwa amefunga kamba kuzuia watu wasiingie kwenye barabara ya mbio. Nyuma ya kamba kuna magari, kuna mikokoteni, na mbele kabisa kuna jeneza. Jeneza limezuiwa! Limefunikwa shuka ya kijani, wanaume sita chini yake, wengine watatu pembeni, na hao ndio wazikaji wote. Wamesimama na maiti mabegani wanawasubiri watu wenye kaptura wapite.

Sasa nyie mnajua kwetu. Mama yangu alikuwa mtu wa Mitole, na kule jeneza likipita hata lori la mbao linazima injini, dereva anashuka, anatia bega hatua kumi, anapokewa na mwenzie wa nyuma, anarudi kwenye lori lake. Hatua kumi tu. Nikajisemea, hatua kumi zitanichelewesha nini? Nikaacha barabara, nikainama chini ya kamba.

"Wewe! Mbio ni huku!" polisi akafoka.

"Na huyu naye ana haraka zake," nikamjibu. "Fungua kamba apite, huoni haya?"

Sijui ni mshangao au nini, akafungua. Nikatia bega nyuma kushoto, palipokuwa na mtu aliyekuwa ameelemewa na uzito, tukavuka, tukaingia kichochoro cha upande wa pili. Nikahesabu hatua kumi. Nikageuka kumtafuta wa kunipokea. Hakuna mtu. Nikahesabu ishirini, hamsini, hakuna mtu, yule niliyempokea ndiye kwanza anashika kiuno na kuhema. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa amebeba mbele yangu, akasema bila kugeuka, "Usitoe bega, mwanangu. Watu wetu wote wamezuiwa ng'ambo ya pili. Leo magari hayapiti."

Jamani! Ndipo nikaelewa kwamba waliowazuia ni sisi. Marehemu alikuwa anazikwa na watu tisa kwa sababu mimi na wenzangu tulitaka kukimbia. Sasa hapo ungetoa bega wewe? Wewe unayecheka, ungetoa?

Mmoja wa wale wa pembeni akavua kikoi alichojitupia begani, akanifunga kiunoni huku natembea, maana mapaja yangu yote yalikuwa nje. Tukafika makaburini. Wakatazamana nani ashuke, wazee watupu, mmoja mguu mbovu. Yule mzee akanitazama. "Kijana, una nguvu, shuka nao." (Kijana! Kwetu hakuna aliyeniita hivyo kwa miaka kumi.) Nikashuka na wawili wengine, nikaupokea mwili kwa mikono yangu hii, tukamlaza, tukapanda, tukafukia. Nilipoona wamekaa kusubiri maiti asomewe talkini, nikamsogelea mzee.

"Shikamoo mzee. Samahani, mimi nina mbio."

"Marahaba. Mbio gani tena?"

Nikamwonyesha namba kifuani. Akaisoma, akanitazama kikoi, akanitazama tena. "Subhanallah. Haya nenda, pita lango lile la nyuma, watokea barabara kubwa."

Nikatoka. Barabara nyeupe, hakuna hata mkimbiaji mmoja, watu wamejipanga kandokando. Nikajua yamekwisha, wote wameshapita, nimebaki peke yangu. Zaidi ya nusu saa nimekaa makaburini! Ikanijia sura ya Mama Zuhura, nikatia mbio kama mtu anayekimbilia meli. Sikujua, wallahi sikujua, kwamba wale waandaaji walikuwa wameizungusha barabara mji mzima, na lile lango la nyuma limenitoa kilomita nne kabla ya mwisho, dakika chache mbele ya vijana wembamba.

Watu wakaanza kushangilia. Nikadhani wananihurumia. "Mzee wa kikoi! Mzee wa kikoi!" Nikawapungia mkono, asanteni, nimechelewa lakini nakuja. Mara pikipiki ya polisi ikajitokeza, ikawasha taa, ikatangulia mbele yangu, nami nikajua hiyo ndiyo ya kuwafungulia magari njia, inanisubiri mimi tu nitoke barabarani, nikaona aibu nikaongeza mwendo. Uwanjani sasa. Naona kwa mbali wanawake wawili wanatandaza utepe kukatiza njia. Wanafunga! Muda umekwisha, wanafunga!

"Msifunge jamani!" nikapiga kelele. "Nimefika! Msifunge!"

Nikaurukia ule utepe kifua mbele nikaukata, nikaanguka kwa magoti, na walivyonyanyua mikono juu kushangilia mimi nilikuwa nawaomba radhi. Medali ikaingia shingoni, shada la maua likafuata, mtu akanisogezea kipaza sauti: "Bingwa wetu, unajisikiaje?"

Nikasema, "Samahani sana kwa kuchelewa."

Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Nilimwona Athumani anarukaruka katikati ya watu, anajipiga kifua, "Huyo ndugu yangu! Damu yangu huyo!" Ndipo akaingia kijana mmoja mrefu, anakimbia kwa mwendo ambao mimi hata kwenye ndoto siuwezi, akasimama pale penye utepe uliokatika, akanitazama mimi na kikoi changu na tope la kaburi mpaka viwikoni. Kisha mtu akasema "Mwizi!" na nyie mnajua neno hilo likianza halikai peke yake.

Akaja msimamizi, mtu wa kofia nyeupe na filimbi. "Umepitia wapi?" akaniuliza, kipaza sauti bado kiko wazi.

"Makaburini."

Kicheko.

"Kufanya nini?"

"Kuzika. Mmezuia wazikaji, nikaenda kuziba pengo."

"Una shahidi?"

"Wa karibu zaidi nimemfukia sasa hivi," nikasema, maana hasira zilishanipanda. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Msimamizi hakucheka, akanivua medali kwa mikono yake miwili, akatangaza kwamba mwizi wa mbio kutoka Tanzania ameondolewa. Nikamtafuta Athumani. Alikuwa anamwambia jirani yake, nikasoma midomo, "Hata simjui."

Hapa ndipo wasimulizi wenu wanapoishia. Mimi sikuishia hapo. Nilimwambia yule bwana kombe sitaki, shada sitaki, niache nirudi nilipoachia barabara nikimbie kilomita zilizobaki, unipe medali ya kumaliza tu. Akasema mashindano yamefungwa. Nikamwambia wewe umefunga, mimi sijafunga. Nikatembea mpaka ile njia panda, nikagusa nguzo ilipofungwa kamba, nikaanza. Magari yameshafunguliwa, yananipigia honi, wauza madafu wananiuliza kama sijasikia kwamba mbio zimekwisha. Nikazikimbia zote, hata zile nne za mwisho nikazirudia, asije mtu akasema. Nilipoingia uwanjani ilikuwa adhuhuri, wanakunja turubai na kupanga viti, hakuna aliyeniangalia. Nikamaliza. Kwenye karatasi zao sipo, lakini nilimaliza!

Nyumbani nikafika mikono mitupu, na habari ilishanitangulia. Nikamsimulia Mama Zuhura yote, sikuficha hata kikoi, na mwisho nikapandisha sauti kwa sababu nilikuwa naogopa: "Basi, makubaliano ni makubaliano, raba hizi hapa, zichukue! Lakini ningerudishwa pale leo ningebeba tena!"

Hakuzitazama raba. "Ulishuka kaburini?"

"Nilishuka."

"Ukampokea mikononi mwako?"

"Nilimpokea."

"Alikuwa nani? Niambie jina, nimtaje kwenye dua."

Nikamtajia ndevu za yule mzee, jina la marehemu sikulijua.

"Baba Zuhura. Umembeba mtu, umemlaza, umemfukia, hukuuliza jina lake?"

"Nilikuwa na haraka," nikasema, na nilipoisikia sauti yangu mwenyewe uso ukawaka moto. Uwanja mzima wa Mombasa haukuniaibisha vile. Akainuka akaenda kusali, na nikamsikia anamwombea "yule ndugu yetu wa Mombasa".

Mbio sikuacha. Asubuhi ya pili nilivaa raba, akaniona, sikuomba ruhusa wala hakunizuia, na waliokuwa wananicheka nikawapita hapohapo barazani kwao. Na nikikuta jeneza katikati ya mbio, hata ziwe zimebaki hatua mia nipewe medali, natoka barabarani, natia bega, mniite mnavyotaka. Ila nimeapa, na hili sirudii kulikosea: kabla sijainua mguu wa kwanza, nitauliza ninambeba nani.