Siku Kisu cha Mpishi Mkuu Kilipopanda Ndege

Siku ya kwanza kazini sikupewa hata kitunguu. Nilifika nyumba ya wageni ya serikali, Tabora mjini, nikitokea kwetu Ntalikwa, gauni limepigwa pasi ya mkaa, nikidhani nitapika. Mpishi Mkuu, mtu mzima wa mjini ambaye baraghashia haikumtoka kichwani hata mbele ya moto, aliitikia shikamoo yangu, akanipa tupa, jiwe la kunolea na kisu butu. Nilinoa mpaka adhuhuri.

Ninyi mnaopika leo mna visu vya kila rangi. Sisi tulikuwa na vinne: kipana cha nyama, chembamba cha kutenganisha mnofu na mfupa, kifupi cha kumenyea, na cha mkate chenye meno. Tupa ni ya kisu kilicholika sana. Jiwe ni la kila siku, nalo hulowekwa maji kwanza. Kisu cha nguruwe kilikaa peke yake kwenye kabati la stoo, mpini umefungwa uzi mwekundu, maana nyumba ile ilipokea wageni wa kila dini, na siku za Idi wazee wa mjini walialikwa kula humo.

Siku ya tatu nilikwenda kuteka maji nikaacha kisu mezani. Niliporudi, Mpishi Mkuu alikuwa amesimama kando yake.

"Kimegusa nini?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Basi kakioshe, uanze upya. Kisu kikitoka mkononi mwako hujui kimegusa nini, na usichokijua usimlishe mtu."

Swali hilo aliniuliza mara nyingi mno, hata nikawa nakwenda chooni na kisu. Nilimchukia, nasema kweli. Mimi ni Mkatoliki, kwetu nguruwe tunamla, na yeye alijua. Hakuwahi kunisema kwa hilo. Alichotaka ni nijue kisu changu kimepita wapi.

Alipostaafu alinipa kile kipana. Kilifuliwa na mhunzi wa zamani, mpini umezungushiwa waya wa shaba. Nilihamishiwa behewa la chakula kwenye treni, kikawa kinalala chini ya mto wangu. Siku treni ilipokwama kituo cha Tura kutwa nzima, abiria walishuka kununua kuku, nami nikashuka na kisu kwenye kikapu. Msimamizi wa Behewa akaniuliza kama nakwenda vitani. Baadaye nilipelekwa jikoni kwenye chuo cha ualimu, chini ya Mkuu wa Chuo aliyeonja kila sufuria kabla ya wanafunzi. Mwisho wa wiki nilipikia shughuli za mjini. Wazee wa Kiislamu walikula pilau yangu bila kuuliza neno, kwa sababu walijua kisu kile kilikuwa cha nani, na kwamba hakinitoki mkononi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, binti yake Mpishi Mkuu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Mzee alikuwa amehamia kwake, macho yamepungua nguvu. Mjukuu wake anaolewa keshokutwa, na mzee amesema pilau haipiki mtu mwingine ila mimi, tena nije na kile kisu. Treni isingewahi. Wakanikatia tiketi ya ndege.

Sikuwahi kupanda ndege. Kwenye begi kubwa nilitia nguo, karanga, viazi vikavu vya matobolwa na kidumu cha asali. Kisu nilikifunga kwa khanga nikakitia kwenye mkoba wa begani. Ningekiweka wapi kwingine?

Mkaguzi wa mizigo, binti aliyevaa sare iliyonyooka, alitazama kioo cha mashine yake akanisalimu.

"Shikamoo, bibi. Humu kuna kisu?"

"Marahaba. Kipo," nikajibu, kana kwamba ameniuliza leso.

Akanieleza polepole kwamba kisu hakikai na abiria. Ama kiingie kwenye begi kubwa na kupakiwa chini ya ndege, ama kibaki Tabora. Nikamwambia hakinitoki mkononi. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nilifikiria kurudi nyumbani na kisu changu, nikamwona mawazoni mzee amekaa akinisubiri. Na nikikiachilia, nitawaambia nini wale watakaokula? Nikamuuliza binti yule nani atalifungua begi huko.

"Hakuna. Nalifunga mbele yako kwa kamba hii ya plastiki. Haifunguki mpaka ikatwe. Ukiikuta nzima, ujue hakuna aliyegusa kitu ndani."

Begi lilikuwa bado kwenye toroli. Tukakizungushia kisu katoni, tukakitia, akakaza kamba. Nilipanda ngazi za ndege mikono mitupu. Mawingu sikuyaona.

Dar es Salaam mizigo ilizunguka, watu wakachukua yao, ukanda ukabaki mtupu. Langu halikutoka. Nililia pale, mtu mzima mimi, mbele za watu. Nilikuwa nimepoteza kisu cha mtu aliyenifundisha kazi. Ndipo mpagazi mmoja akaja akiuliza nani mwenye begi linalovuja. Kifuniko cha kidumu kilikuwa kimelegea, wakaliweka pembeni lisichafue mizigo ya wengine. Nikainama kutazama kamba. Nzima. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikakumbatia begi lile, asali ikanijaa kifuani.

Mzee alikuwa barazani kwa binti yake. Nilimwambia ukweli kabla sijaketi: kilinitoka mkononi. Akanyoosha mkono, akakipokea, akapitisha kidole ubapani.

"Kimegusa nini?"

"Asali tu, Mzee."

Akalamba kidole. "Ya Sikonge hii," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Kakioshe, nyama inakungoja."

Siku ya harusi alikula sahani mbili za pilau. Wakati wa kurudi nilikabidhi begi langu kaunta bila kuambiwa, nikalala safari nzima.

Sasa nimestaafu. Kisu nimemwachia mama mmoja wa Puge aliyeshika nafasi yangu chuoni. Nilimwonyesha kukifunga kwa katoni akisafiri kwa ndege, nikamwonya asali aipakie mbali. Mwezi uliopita alinitembelea tupike pamoja. Akakiweka mezani, akatoka kuteka maji. Aliporudi alinikuta nimesimama kando yake.

"Kimegusa nini?" nikamuuliza.

Alikichukua akaenda kukiosha, nami nikavuta kiti nikakaa.