Nusu ya Uwanja

Kosa lake, ukimuuliza Mwenyekiti wa klabu, lilikuwa kuhesabu. Hakumtukana mtu, hakuzusha, hakuiba mpira wa mtu. Alihesabu, akaandika, akabandika ukutani. Kwa hilo tu mtu mzima mwenye heshima zake aliacha ofisi Jumatano asubuhi, akavuka barabara tatu juani, akaja mpaka kwenye duka la fotokopi kumtafuta binti wa miaka ishirini na mbili.

"Daftari ni yupi hapa?"

"Ni mimi," binti alijibu huku akiendelea kupanga karatasi kwenye mashine. "Shikamoo."

Mwenyekiti hakuitikia. Alikuja na hasira, na hasira haikumwachia nafasi ya marahaba.

Jina la Daftari alipewa tangu shuleni, maana hajawahi kuonekana kwenye mechi ya mpira wa kikapu bila daftari lake la jalada gumu na kalamu mbili, ya pili ya akiba. Pointi hahesabu. Pointi, husema, hata muuza maji anazihesabu. Yeye huandika nani alirudi kulinda mpira ulipopotea, nani alimzibia mpinzani ili mwenzake apite, na nani alibaki amenyoosha mikono akimlilia refa wakati watu wanakimbia. Kila Jumatatu huandika ukurasa mmoja, akachapa nakala kumi nyuma ya karatasi zilizoharibika dukani, kisha akaenda kuzibandika kwenye ukuta wa uwanja. Mbele unasoma kikapu, ukigeuza unakutana na nusu ya mkataba wa nyumba ya mtu au mtihani wa jiografia. Watu walishazoea. Wengine walisoma pande zote mbili.

Na maoni anayo, hayamwishi! Kwamba kushangilia mtu aliyening'inia kwenye ringi huku timu iko nyuma kwa pointi kumi ni upuuzi mtupu. Kwamba mitupo huru ifanyiwe mazoezi watu wakiwa hoi, si wakiwa wametoka kunywa chai. Kwamba mchezaji bora wa timu yao ni yule mfupi wa jezi namba nne ambaye hakuna anayemjua jina, kwa kuwa kazi yake ni kugongwa ili wenzake wapite.

Lakini kilichomleta Mwenyekiti kilikuwa ukurasa wa wiki ile, wenye kichwa cha habari kilichoandikwa kwa herufi kubwa: TUMESHINDA LICHA YA MLINGOTI.

Mlingoti ndiye nahodha, ndiye nyota, ndiye aliyewajaza watu kwenye ngazi za zege. Katika nusu fainali alifunga pointi thelathini na moja, mji ukambeba mabegani. Daftari aliandika hizo thelathini na moja, hakumnyima hata moja. Kisha akaandika kwamba timu ilipoteza mpira mara ishirini na mbili, na katika hizo ishirini na mbili Mlingoti alirudi kulinda mara sita. Zilizobaki alisimama mbele, mikono kiunoni, akisubiri mpira umrudie kama mtu anayesubiri chakula mezani.

Na Mlingoti, jamani, ni kaka yake. Baba mmoja, mama mmoja, nyumba moja.

"Unamvunja moyo nahodha siku tatu kabla ya fainali," Mwenyekiti alisema, akaiweka ile karatasi juu ya kaunta. "Wadhamini wameisoma hii. Wamenipigia simu."

"Namba ipi si ya kweli, Mwenyekiti?"

"Sikuja kubishana na wewe mambo ya namba."

"Nionyeshe moja tu. Nikikosea ninaifuta hapa hapa, mbele yako."

Mwenyekiti aliitazama karatasi, akaigeuza, akakutana na mtihani wa jiografia, akairudisha. "Sikiliza. Mpaka Ijumaa jioni nataka kuona tangazo la kuomba radhi kwenye ukuta ule ule. Nisipoliona, Jumamosi hukanyagi uwanjani. Nimemaliza." Akatoka.

Daftari alijikaza, lakini roho ilikuwa imemruka. Si kwa sababu ya Mwenyekiti. Jana yake tu, Jumanne, alipigiwa simu na mhariri wa michezo wa gazeti, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akitumiwa zile kurasa bila kujibu hata neno. "Niletee ripoti ya fainali," alimwambia. "Maneno mia nne, Jumapili kabla ya saa nne asubuhi. Ikinifaa, nakupa kona yako kila wiki. Sitaki unielezee nani kafunga, hilo ninalo. Niambie ambacho wengine hawakukiona." Simu ikakatwa. Tangu utotoni Daftari alitaka kitu kimoja tu: kuandika kikapu, na kilichoandikwa kisomwe na mtu asiyemjua, mahali asikowahi kufika. Sasa kimekaribia mkononi, na mtu anataka kufunga geti.

"Andika samahani, mwanangu," alimwambia mwenye duka, mama wa makamo ambaye wateja walimwita Mama Karatasi. "Maneno mawili matatu. Uingie, uandike ripoti yako, upate kazi. Nani atakumbuka?"

Alimpenda yule mama. Akakaa kwenye kompyuta, akaandika: *Naomba radhi kwa*. Akasimama hapo. Kwa nini? Kwa kuona? Kwa kujua kuhesabu mpaka ishirini na mbili? Alikaa akiitazama ile *kwa* mpaka mteja wa picha za pasipoti akakohoa mara mbili. Akafuta yote, hata *naomba*.

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili."

Mama Karatasi alishika tama. "Kichwa chako kigumu, wewe mtoto. Haya, mpige mteja picha."

Nyumbani nako moto. Mlingoti alikuwa jikoni, amekunja miguu yake mirefu chini ya meza ndogo, anakula bila kuinua macho. Siku ya tatu hiyo hamsemeshi dada yake. Mama yao aliwawekea sahani, akasema amechoka kulisha mabubu, akaenda zake sebuleni.

"Wanasema hutaingia Jumamosi," Mlingoti alisema mwishowe.

"Ndivyo wanavyosema."

"Vizuri. Wewe hujawahi kucheza hata dakika moja ya ligi. Hujui pumzi inavyokata. Unakaa umekunja nne na kalamu yako, unanianika mbele ya mji mzima. Mimi, kaka yako!"

"Ungekuwa si kaka yangu ningeandika vilevile."

"Ndiyo maana nakuuliza una moyo wa namna gani!"

Hilo lilimchoma, lilimchoma kweli. Machozi yalimfika machoni, akayazuia kwa ukali. "Kaka, wote wanakuvika kilemba cha ukoka. Mwenyekiti, mashabiki, wote. Mimi sikuviki. Huniamini? Basi jihesabu mwenyewe. Jumamosi, kila mpira ukipotea, jihesabu. Uje uniambie mimi mwongo."

Mlingoti alisukuma sahani, akatoka. Alilazimika kuinama mlangoni kama kawaida, na hata kwa hasira hakusahau kuinama.

Ijumaa jioni ukuta haukuwa na tangazo lolote la kuomba radhi. Ukurasa wa zamani ulikuwa umechanwa. Daftari akabandika mwingine. Nakala zilikuwepo.

Jumamosi saa tisa alasiri alikwenda getini, ili asije akaambiwa aliogopa. Mlinzi alimkwepa macho. "Dada yangu, mimi nimeagizwa tu."

"Najua. Sina ugomvi na wewe."

Hakupoteza muda. Mkabala na uwanja, ghorofa ya kwanza, kulikuwa na karakana ya fundi cherehani, mzee mchangamfu aliyeshona jezi za timu na kuwasema wachezaji wote kwa vipimo vyao. Dirisha lake lilitazama juu ya ukuta wa uwanja. Lakini wadhamini walikuwa wamesimamisha bango lao kubwa la fainali, na bango lilikuwa limekula upande mzima wa kulia.

"Utaona nusu tu, mjukuu wangu," Fundi alimwambia huku akimsogezea kigoda. "Kutoka mstari wa kati mpaka ringi hii ya huku. Kule ng'ambo utasikia makelele."

"Nusu hiyo hiyo, babu. Nipe."

Mpira ukarushwa. Kipindi cha kwanza timu yao, wale wa bluu, walilinda ringi ya upande alioweza kuuona. Bahati! Aliandika mpaka vidole vikamuuma. Namba nne alirudi kila mara. Mlingoti alirudi mara tano kati ya kumi na tatu. Zile nyingine hakuonekana kabisa, alibaki kule nyuma ya bango, bila shaka kiuno kimeshikwa. Wakaenda mapumziko bluu wako nyuma kwa pointi nane. Fundi alizipata kwa kumpigia kelele muuza maji aliyekuwa chini.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana ringi, na Daftari akahisi maji yamemfika shingoni. Sasa bluu walishambulia upande wake na kulinda upande wa bango. Kila mpira ukipotea, watu walikimbia wakamezwa na lile bango, akabaki anatazama sakafu tupu. Atamwambia nini mhariri? Kwamba aliona zege?

"Mbona yule kabaki?" Fundi aliuliza, akinyoosha mkono wenye futi ya kupimia.

Daftari alitazama. Kwenye nusu ile tupu alikuwa amesimama mtu mmoja, mrefu, mikono kiunoni. Wengine tisa wako kule, yeye yuko hapa, peke yake, kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Loo! Kumbe hakuhitaji kuona upande wa pili. Anayerudi kulinda humwoni. Asiyerudi unamwona, na hana pa kujificha.

Robo ya tatu Mlingoti aliachwa hivyo mara nne, na pengo likabaki lile lile la pointi nane. Mara ya nne alisimama, akatazama ngazi zilizojaa watu, kisha akatazama miguu yake mwenyewe kwa muda. Robo ya nne ilipoanza, mpira wa kwanza kupotea, alikimbia. Alivuka mstari wa kati akapotea nyuma ya bango. Daftari akachora alama. Wa pili, akakimbia. Wa tatu. Daftari alikuwa amesimama, kalamu imemganda mkononi, anaitazama sakafu tupu na moyo unadunda kwa sababu ni tupu. "Rudi, kaka," alisema kwa sauti. "Rudi, rudi, rudi." Mara kumi na nne mpira ulipotea, mara kumi na nne ile nusu ikabaki bila mtu.

Kisha ukapigwa ukelele mkubwa ng'ambo, na filimbi ya mwisho. Fundi akauliza chini, akajibiwa. Wamefungwa. Pointi moja.

Ungewasikia watu walipotoka! Mlingoti kafunga kumi na sita tu, Mlingoti kauza mechi, nani alimwambia arudi nyuma, kazi yake si kufunga? Wengine walimtaja Daftari: kelele za dada yake ndizo zilizomharibu. Hata Mwenyekiti alisikika akisema nahodha angebaki mbele kama zamani kombe lingekuwa la kwao.

Daftari aliandika usiku huo huo, akatuma asubuhi. Sentensi ya kwanza ilisema: *Fainali hii niliiona nusu, kwa sababu klabu ilinifungia geti.* Kisha akaeleza dirisha, bango, na ile nusu tupu. Akaeleza kwamba bluu walikuwa nyuma kwa nane, na robo ambayo nahodha aliacha kusubiri na kuanza kurudi ndiyo iliyoipunguza mpaka moja. Anayetaka kumlaumu, aandike namba zake.

Mhariri alipiga simu saa tano. "Imenifaa. Lakini ile sentensi ya kwanza naikata. Gazeti haliwezi kumwambia msomaji kwamba mwandishi wake hakuona."

"Ukiikata hiyo, kata yote."

"Unasemaje?"

"Msomaji lazima ajue nilikaa wapi. La sivyo mimi na Mwenyekiti hatuna tofauti."

"Unajua wangapi wanaitaka hii kona, binti?"

"Najua."

Simu ikakatwa. Daftari alikaa juu ya boksi la karatasi, akajiambia basi, imekwenda. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akanawa uso.

Jumanne Mama Karatasi aliingia dukani anahema, gazeti limefunguliwa mikononi, hata salamu hakutoa. Ilikuwa ukurasa wa nyuma, kushoto, na ilianza: *Fainali hii niliiona nusu.* Hawakugusa neno. Chini yake waliandika kwamba mwandishi atakuwepo kila Jumanne. Yule mama alimkumbatia mpaka miwani ikapinda, kisha akatoa nakala thelathini kwa karatasi mpya, safi pande zote mbili.

Jioni Mlingoti alimkuta jikoni. Gazeti alikuwa nalo, limekunjwa mara nne. Alikaa, akalinyoosha mezani.

"Umeandika kumi na nne."

"Ndiyo. Kumi na nne kati ya kumi na nne."

"Ni kumi na tatu," Mlingoti alisema. "Mara moja nilivuka mstari nikasimama. Nilishikwa na pumzi, nikashika kiuno. Mtu wangu akapita, wakafunga mbili. Wewe hukuniona, nilikuwa nyuma ya bango. Hakuna aliyeniona."

Daftari alimtazama kaka yake. Walifungwa kwa pointi moja. Hilo wote wawili walilijua.

"Kaka, hiyo nitaiandika. Jumanne ijayo, gazetini."

"Ndiyo maana nakwambia."

Dada alivuta daftari lake, akalifungua kwenye ukurasa wa robo ya nne, akamsogezea pamoja na ile kalamu ya akiba. Mlingoti alihesabu zile alama taratibu kwa kidole, akafika ya tisa, akaifuta kwa mstari mmoja.