Kompyuta Iliyoganda na Mpiga Eksirei Aliyebeba Lawama

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha kompyuta cha hospitali, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta kwa sababu ya kiyoyozi anabonyeza kitufe na kukazia macho kioo. Ndiye fundi wa mitambo, na wenzake humwita Mama Mitambo. Nyuma yake amesimama mpiga picha za eksirei, mikono kifuani. Wanasubiri kuona kama kompyuta itaganda.

Haigandi.

"Bado inapumua?" anauliza mpiga picha.

"Inapumua, kaka. Shusha mabega."

Wanacheka kama watu waliokaa roho juu kwa muda mrefu.

Kompyuta hiyo hutunza picha na majibu ya vipimo vya wagonjwa wote. Mwezi uliopita ilianza kuganda ghafla katikati ya kazi, na kila ilipoganda, hospitali nzima ilikwama. Siku moja iliganda wakati mama mjamzito amefikishwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Muuguzi alitimua mbio hadi maabara kuchukua majibu yake kwenye karatasi. Mama na mtoto walitoka salama, lakini watu walitaka kujua nani wa kulaumiwa.

Kidole kikamwelekea mpiga picha, kwa kuwa kila mara kompyuta hiyo ilipoganda, yeye alikuwa akiitumia. Akaondolewa kwenye eksirei, akahamishiwa kazi ya mapokezi.

"Nikiingia kantini, mazungumzo yanakatika," anasimulia. "Mke wangu naye akaniuliza, 'Baba watoto, kweli hukuchokoa kitu?' Hapo ndipo iliponiuma."

Mama Mitambo naye hakuwa na uhakika. Ila jambo moja lilimkera: akaunti ya mpiga picha ilikuwa ya kawaida, isiyoruhusiwa kugusa mipangilio yoyote.

"Mpangaji akibamiza mlango wa chumba chake, nyumba nzima haipaswi kuanguka," anasema.

Akachukua kompyuta ya akiba, akafungua akaunti kama ile, akarudia kazi za mwenzake moja baada ya nyingine. Alipofungua picha nyingi kwa mpigo na kuzifunga kabla hazijatokea zote, kompyuta ikaganda. Akarudia. Ikaganda tena.

"Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio!"

Kasoro ilikuwa kwenye kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya ndani kabisa inayozigawia nyingine zote kumbukumbu na zamu ya kufanya kazi. Haikumpa mtu njia ya kuiba siri, wala mtu wa nje asingeweza kuichochea. Lakini yeyote mwenye akaunti, hata ya chini kabisa, angeweza kuisimamisha mashine nzima, kwa makusudi au bila kujua. Mama Mitambo akawaarifu watengenezaji wa mfumo. Wakakubali kosa, wakatuma marekebisho. Ndiyo anayoyajaribu leo.

Kabla ya adhuhuri, mganga mkuu anashuka mwenyewe na kumpa mpiga picha mkono mbele ya wenzake.

"Tulikukosea, ndugu yangu. Rudi kwenye chumba chako cha eksirei."

Mpiga picha anajifuta uso kwa leso. Kisha anauliza, "Kuna mgonjwa anasubiri?"

Mama Mitambo sasa anaomba likizo aende kwa mama yake. "Kila nikimpigia ananiuliza kama nimevunjika miguu. Nitakula, nilale kwenye kochi lake, niamke nile tena."

Na simu ya kazi?

"Nitaizima," anasema. Kisha anaongeza: "Labda mchana tu."