Pete Kumi na Saba za Barza ya Himbi

Juzi sokoni, fundi mumoja wa viatu alikuwa anapaka mafuta ya ng'ombe kwenye mukanda wa ngozi, kisha anaupitisha karibu na makala yanayowaka ili ulainike. Harufu ile ilinisimamisha katikati ya njia, na mboga zangu za lengalenga mukononi. Nyuma yangu mwanamuke mumoja akapiga kelele: "Mama, pita basi! Ama njia ni ya papa yako?" Siku nyingine ningemujibu hadi ajute kuzaliwa na mudomo. Siku ile sikumusikia vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilikuwa nimeshika gurudumu, na jasho lilikuwa linaniingia machoni.

Acheni niwaambie. Nilisoma miaka mitatu tu, kwa hiyo mwenye kutafuta maneno ya kupambwa aende kwa mwingine. Mimi nitasema nilichoona.

Papa alikuwa fundi wa kukereza miti. Anafunga kipande cha muti kati ya ncha mbili za chuma, muti unazunguka mbio, yeye anausogezea patasi polepole, na kile kilichoingia na pembe nne kinatoka na shingo, tumbo na kiuno. Miguu ya vitanda vya nusu ya watu wa kartie yetu ilipita mikononi mwake. Kuran, umeme wa kuzungusha mashine, haikufika kwetu miaka ile. Kuran ilikuwa mimi. Kaka zangu wawili walipelekwa shuleni, mimi nikapelekwa kwenye gurudumu, na musinihurumie, sikuomba huruma wakati ule na siiombi leo. Lilikuwa gurudumu kubwa la chuma kunipita urefu, la mashine ya zamani ya kahawa ambayo Wazungu waliiacha. Kutoka kwake mukanda wa ngozi ulienda hadi kwenye mashine ya Papa. Nikizungusha mara moja, muti unazunguka mara nyingi. Mukanda ukipata moto, yale mafuta ya ng'ombe yananuka hadi kwenye ugali wetu.

Mukono wangu wa kuume ulikuwa munene kuliko wa kushoto. Siku ya Mungu, nikivaa robe ya mikono mifupi, wasichana wa kanisani wanacheka: "Angalieni, nusu yake ni mwanaume!" Nikamuambia mumoja: leta kaka yako tushindane. Akamuleta kweli. Kaka yake alirudi kwao bila vifungo vya shemizi.

Sasa nyumba. Ilikuwa Himbi, hapa Goma, karibu na ziwa, nyumba ya mawe meusi yenye barza ndefu ya mbele. Muzungu mumoja wa mashamba ya kahawa aliijenga zamani. Wakati wangu ilikuwa ya mufanyabiashara mumoja, mutu wa kwetu wa upande wa Lubero, ambaye hapa nitamuita Patron tu, maana wajukuu wake wapo na tunasalimiana vizuri. Barza ile ilizungukwa na vinguzo vya mbao vilivyokerezwa, vimepangwa kama watu kwenye mustari. Siku moja dereva wa kamyo ya Patron mwenyewe akarudi nyuma vibaya na kuvunja kumi na saba. Na binti yake alikuwa anakaribia kuolewa. Ndipo akatuma mutu kumuita Papa.

Nilienda naye. Patron alisimama pale juu kwenye ngazi, mikono mufukoni.

"Fundi, toa kimoja kisichovunjika, uende nacho, ufanye vile vile. Usiongeze kitu, usipunguze kitu. Na usifikiri. Ninyi mafundi mukianza kufikiri, munaharibu. Umesikia?"

"Nimesikia, Patron," Papa akajibu. "Nisifikiri."

Sasa angalieni Papa alichofanya. Karibu na ngazi vinguzo vizima vilikuwepo, vizuri, vinang'aa. Akavipita. Akatembea hadi pembe ya mwisho kabisa, upande wa barabara, akapiga goti, akaking'oa kile kibaya kuliko vyote. Kilikuwa na alama ya kuliwa kukizunguka chote, chini, shibiri moja juu ya sakafu, na upande mumoja alama ilikuwa ya kina zaidi. Nikamunong'oneza: "Papa, hiki kimeharibika." Akanipa nikibebe.

Kazi ilituchukua wiki tatu. Papa alikuwa na mbao za libuyu zilizokauka miaka miwili chini ya kitanda cha mama, na mama alizitoa akiimba kwa furaha, maana alikuwa amechoka kulala juu ya depo ya mbao. Libuyu ukiikereza inanuka pilipili na sukari pamoja, na vumbi lake jekundu linakupigisha chafya hadi ubavu unauma. Papa hakujua kusoma kipimo cha metre. Alichukua kijiti, akakilaza juu ya kile cha zamani, akakata alama kwa kisu: hapa shingo, hapa tumbo, hapa kiuno. Alipofika kwenye ile alama ya kuliwa, nayo akaikata kwenye kijiti.

Nikaacha kuzungusha.

"Papa, hiyo siyo ya fundi. Hiyo ni kitu kilisugua."

"Ni munyororo," akasema.

"Munyororo wa imbwa?"

Alipuliza vumbi kwenye patasi, akaniangalia.

"Sema wa imbwa. Zungusha."

Nikazungusha, lakini nilikuwa na hasira. Kila kinguzo kilitoka kizuri, kilaini kama shavu la mutoto, kisha Papa anakisogezea patasi pale chini na kukikata pete. Na haikutosha. Akikitoa kwenye mashine, anakiweka kwenye mapaja, anachukua tupa ndogo, anaongeza kina upande mumoja, polepole, kumi na saba zote, ulimi umemutoka kidogo kama mutoto wa shule anayeandika. Mimi niliona tunaharibu kazi yetu kwa mikono yetu. Jina la Papa lilikuwa ndilo chakula chetu. Fundi akisemwa vibaya Himbi, kesho yake hata kule Kibati, nje ya muji, wamejua.

Alhamisi tulivipeleka kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, Papa anashika usukani, mimi nasukuma nyuma. Ndoa ilikuwa Jumamosi. Barza ilijaa watu: mashemeji, wanawake wanaochambua muchele, muzee mumoja mwenye akordeoni. Mama ya Patron alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba, bibi kizee mukavu, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyetoka kijijini kwa ajili ya ndoa na ambaye tangu asubuhi alikuwa amegombanisha kila mutu.

Patron alishika kinguzo cha kwanza, akapitisha kidole. Kidole kikaingia kwenye pete. Akashika cha pili. Cha tatu.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ni kama kile nilichotoa hapa kwako."

"Nani alikuomba pete?"

"Ulisema nisiongeze, nisipunguze. Na nisifikiri."

Watu walicheka, jamani. Shemeji mumoja akasema: "Patron, mushukuru Mungu kuku hakukinyea, angekereza mavi pia!" Wakacheka tena, akordeoni ikapigwa kidogo. Patron hakucheka. Akamuambia Papa arudishe takataka zake nyumbani, na kwamba kuanzia siku ile hakuna nyumba ya Goma itakayomupa hata muguu wa kiti. Papa alisimama wima. Hakuomba samahani. Hilo ndilo lililonitisha, maana kila mutu mukubwa niliyemujua alikuwa anamuomba Patron samahani, hata kwa mvua.

Basi mimi nikapasuka.

"Papa hakukosa!" Nilipiga kelele hadi muchele ukasimama kwenye ungo. "Yeye anajua! Ni munyororo wa imbwa ya Muzungu, ndio ulikula pale! Ni ninyi muliacha hivyo!"

"Imbwa gani?"

Ilikuwa sauti ya yule bibi kizee. Aliinuka kwenye kiti chake, akaja akivuta muguu.

"Wewe mutoto mwenye mudomo. Nani alikuambia hapa kulikuwa imbwa? Ule Muzungu alikuwa anaogopa imbwa hadi anapanda juu ya meza. Hapa hapakuingia imbwa hata siku moja."

Akachukua kinguzo mukononi mwa mutoto wake. Hakupitisha kidole kama Patron. Aliweka mukono wote, akauzungusha kwenye ile pete, pale penye kina, bangili zake zikagonga mbao. Akakaa hivyo. Yule wa akordeoni alifunga chombo chake.

"Viweke," akamuambia Patron.

"Mama, wageni watasema..."

"Nimesema viweke. Vyote. Na hicho cha zamani kirudi kwenye pembe yake. Usiniangalie hivyo, mimi ndiye niliyekuzaa." Kisha akamugeukia Papa, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikukwaruza. "Wewe ni wa nani?"

Papa akamutajia jina la baba yake. Bibi kizee akatikisa kichwa mara moja, akarudi kuwagombeza wenye muchele.

Tulivipigilia vyote siku ile ile. Papa alihakikisha kila upande wa kina unaangalia barabara.

Mimi nilielewa nini? Sikuelewa kitu. Kama haikuwa imbwa, nikafikiri ilikuwa nyani. Miaka mingi niliamini Muzungu alifuga nyani mukubwa, na hata niliwaambia watoto wa kartie, nikamuongezea nyani kofia. Kitu cha ajabu zaidi: baada ya ndoa, watu walipenda zile pete. Wenye pesa walikuja wakitaka vitanda vyenye pete kama za Himbi. Papa akakataa wote. "Hiyo siuzi," anasema, na anarudi kukereza miguu ya kawaida. Mama alikasirika, na mimi nilikasirika kumupita mama. Niliona Papa ana kichwa kigumu tu, anatukosesha mali kwa kujivunia kosa lake.

Niliolewa, nikazaa, nikaanza kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Asubuhi moja nilifika kwenye nyumba ile na beseni langu. Mupishi akaniambia ningoje. Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri, miguu inawaka, basi nikaketi chini kwenye sakafu ya barza, nikaegemeza bega kwenye vinguzo, uso kwenye barabara, nikaachilia mukono wangu wa kuume ushuke wenyewe.

Ukaingia kwenye pete.

Kifundo cha mukono, sawasawa. Urefu ule ule, kina kile kile, kama kipimo kilichukuliwa kwangu. Sikufikiri kitu kwanza. Ni mukono ndio uliofikiri. Imbwa anahangaika huku na huku, munyororo wake haukai urefu mumoja. Nyani hakai hivyo. Mbele yangu barabara, watu wanapita wanaenda sokoni, wananiangalia mimi niliyeketi chini. Hapo nikasimama. Mupishi alitoka na sahani, hakunikuta. Samaki wangu wote niliwaacha palepale.

Papa alikuwa chini ya mabati yake, ananoa. Nilimuambia: "Alikuwa mutu."

Hakuinua kichwa.

"Umechelewa," akasema.

Kisha akaniambia, na hakurudia tena hadi alipokufa. Muzee wake, baba yake, alikuwa boi wa Muzungu kwenye nyumba ile. Kioo cha taa kikivunjika, sukari ikipungua, alifungwa pale pembeni, ameketi, mukono kwenye kinguzo, jua lote, uso kwenye barabara ili watu wamuone. Si yeye peke yake. Mume wa yule bibi kizee pia, baba ya Patron mwenyewe, ambaye hakumuambia mutoto wake kitu kwa haya. "Mimi nilikuwa mutoto," Papa akasema. "Nilimuletea maji kwa kikombe. Mara tatu. Hakunywa, kwa sababu watu walikuwa wanapita na mukono uliobaki alikuwa anafunikia uso wake, na hakutaka wamuone akinyweshwa na mutoto wake."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kuitwa fundi mujinga mbele ya watu wote wale, na kwa nini mimi sikuambiwa.

"Ningekuambia, ungesema. Una mudomo. Na kile cha zamani wangekitupa kwenye moto usiku ule ule. Kimoja ni rahisi kutupa." Akapima ncha ya patasi kwenye ukucha. "Sasa watupe kumi na nane."

Hawakuvitupa. Patron amekufa, nyumba imebadilisha mikono, sasa ni biro, ofisi ya watu wenye karatasi na magari meupe. Wanaipenda barza. Mwezi uliopita nilipita pale, kijana mumoja mwenye suruali iliyopigwa pasi alikuwa anawaonyesha wageni. "Haya ni mapambo ya Kibelgiji," anasema, "angalieni ufundi wao, zamani walijua kazi." Nilipanda ngazi. Mulinzi alijaribu kunizuia, nikamuonyesha mukono wangu wa kuume, ambao hata leo ni munene, akanipisha.

"Kazi hiyo ni ya Papa yangu," nikamuambia kijana, "na gurudumu nilizungusha mimi. Wala siyo mapambo."

Alitabasamu, kwa adabu, vile wanavyotabasamu wakiona koko, bibi mwenye kelele. "Koko, basi ni nini?"

"Ukisimama hutaona. Keti chini."

Aliangalia suruali yake. Akaangalia sakafu. Akaangalia wageni wake, na barabara ambako watu walikuwa wanapita.

"Keti, mwanangu," nikasema. "Mimi siondoki."