Damu ya Wana wa Ildefonsa

Ildefonsa alikuwa kwenye benchi la wodi ya wanaume tangu asubuhi, mgongo ukimuuma kama aliyetoka kupalilia. Mwanawe Kwizera alilala mbele yake, macho ya njano, akiongezewa damu. Wiki ile alikuwa amenunua vidonge vya salfa dukani kwa ajili ya kuharisha. Mkojo wake ukageuka mweusi kama kahawa, na kijana aliyezoea kubeba mikungu ya ndizi hadi barabarani akashindwa kusimama mlangoni.

Mkojo ule Ildefonsa aliwahi kuuona. Mwanawe wa kwanza, Pancras, aliugua hivyohivyo, naye baada ya kumeza vidonge. Walimzika nyuma ya nyumba, kijijini kwao Kanazi. Tangu hapo mashemeji zake walinong'ona kwamba tumbo lake lina mkosi kwa watoto wa kiume, maana hata kwao kaka zake wawili walikufa wangali wadogo. Mumewe, Bizimana, hakuwahi kuyasema maneno hayo. Hakuwahi kuyakanusha pia.

Daktari Jovina alivuta kiti karibu naye. Alieleza kwamba hewa ya oksijeni tunayovuta, ikishatumika mwilini, huacha vitu vikali mfano wa cheche za moto. Cheche hizo zina kazi, kwa kuwa mwili huzitumia hata kuua vijidudu. Zikizidi huunguza, ndiyo maana mwili una kinga ya kuzizima. Damu ya Kwizera inaelekea kuwa na kinga hiyo kidogo mno. Salfa ilipoongeza cheche, chembe nyekundu za damu zikapasuka.

Ildefonsa akauliza kama ndicho kilichomuua Pancras. Daktari alisema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima, ila anadhani hivyo.

"Na hali hii inatoka wapi?"

"Mtoto wa kiume huirithi kwa mama yake, na binti huweza kuibeba bila kuugua. Huna kosa, mama. Wewe nawe ulizaliwa nayo tu."

Ildefonsa aliitikia kwa kichwa. Hata kulia kulihitaji nguvu, naye hakuwa nazo.

Kwizera alipopata nafuu wakarudi nyumbani, na Ildefonsa akamweleza mumewe yote. Bizimana alisikiliza akitazama chini.

"Kwa hiyo ndugu zangu walisema kweli."

"Walisema mkosi. Huu ni ugonjwa, na una miiko yake. Tungeijua, Pancras angekuwepo."

Bizimana alichukua sahani yake, akaenda kula nje peke yake.

Ildefonsa hakungoja wapatane. Alisafiri hadi Nyakahura kwa binti yake Happy, aliyeolewa huko na mwenye mtoto wa kiume, Ishimwe. Happy alimwamkia, akampokea mzigo, na aliposikia habari akaketi chini.

"Mama, nikimwambia Danstan haya, mama yake atataka nirudishwe nyumbani."

"Huenda. Lakini mimi nilimzika mwanangu bila kujua. Wewe umeshajua."

Happy alikaa na jambo hilo kwa siku kadhaa, akimkasirikia mama yake kwa kuja. Kisha akamwambia mumewe. Danstan hakugomba, aliuliza tu ni dawa zipi za kuepuka. Mtoto alipimwa, akakutwa na hali ileile. Mama mkwe aliacha kumsemesha Happy mpaka maharage yakavunwa, na hata baadaye salamu yake ilikuwa fupi. Ila Happy hakurudishwa.

Kanazi nako Kwizera alianza tena kubeba ndizi, mikungu midogo. Jumapili moja baada ya misa, ndugu walipoyarudia maneno yao, Bizimana aliwakatiza. Aliwaambia kwamba ni ugonjwa wa damu, Pancras aliuawa na kidonge, na wasimseme tena mkewe.

Kwizera ndiye aliyemletea Ildefonsa habari hizo. Mama aliegemeza jembe ukutani, akaingia ndani, akalala mchana kweupe, na hakuna aliyemwamsha.