Amani ya Mfuko wa Chumvi

Nilimpa ndugu yangu amani ya Kristo nikiwa nimevaa mfuko wa nailoni mkononi. Ndiyo, kanisani. Katikati ya Misa, baada ya Baba Yetu, padri aliposema tutakiane amani, mbele ya Mungu na malaika na kwaya nzima. Mfuko ulikuwa wa chumvi. Mama alikuwa ameufua na kuuanika kambani kama nguo, maana siku hizi chumvi yenyewe ni ya kutafuta, na mfuko mzima usio na tundu ni mali. Nilitoka nao nyumbani nimeukunja ndani ya suruali. Kwa hiyo siwezi kusema shetani alinipitia ghafla. Alinipitia asubuhi, tukatembea naye polepole mpaka kanisani.

Sasa nieleze alivyonipata.

Huyo ndugu yangu ni mtoto wa mama mdogo. Alikuja kwetu Kaagya kutoka Muleba baada ya kumzika mama yake. Baba yake, aliyekuwa akinunua samaki visiwani, alishatangulia. Hakuna aliyesema kwa sauti walikufa kwa nini, na hakuna ambaye hakujua. Padri anauita UKIMWI, barabarani tunauita silimu, na nyumbani kwetu hauitwi kabisa. Alifika na sanduku la bati, blanketi moja, na Kilatini.

Hicho Kilatini ndicho kilichonimaliza. Babu yake mzaa baba alikuwa katekista wa zamani, akamfundisha kujibu Misa yote kama ilivyokuwa kabla padri hajageuzwa kutazama watu. Siku ya pili tu, Bibi alipokuwa akisali rozari yake barazani, yule kijana akamwitikia kwa Kilatini, moja kwa moja, bila kukohoa. Bibi akaacha kusali. Akamwambia asogee, akamshika kidevu, akamtazama kama mtu aliyeokota shanga aliyoipoteza akiwa msichana. Na huyu Bibi ni mama yake baba. Yaani ni wangu. Si wake hata kwa kuazima.

Lazima mjue kwamba Bibi hajawahi kuisamehe Misa mpya. Hataki ngoma. Hataki wasichana wanaocheza wakati wa Utukufu, anasema hata waganga hucheza. Watu wanaopokea Komunio mkononi anawaangalia kama wanaopokea karanga. Lakini anachokichukia kuliko vyote ni amani. Anakiita mnada. Padri akisema tutakiane amani, Bibi anafumba macho, anajizungushia rozari vidoleni, na ukimnyooshea mkono anainamisha kichwa kidogo kana kwamba umemletea habari ya msiba. Nusu ya akina mama wazee wanamfuata. Kwaya inawacheka. Halmashauri ya walei ililijadili jambo hilo mpaka watu wakanuniana, ndipo padri akaja mwenyewe nyumbani kumbembeleza. Bibi akamletea kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima, akamwambia, "Waitu, padri wetu, mtu anayekwenda kumpokea Mfalme hageuki nyuma kumuuliza jirani maharage yameotaje." Padri akatafuna kahawa yake, akaaga.

Kisha ukaingia ule ugonjwa, na mimi nikaona kichekesho ambacho hakuna aliyekicheka. Wale vijana wa kwaya, watu wa kisasa, wenye kupigania kushikana mikono, walipojikuta karibu na benchi letu tangu ndugu yangu aje, wakageuka wazee. Macho yamefumbwa, mikono imefungwa kifuani, utadhani wanamwona Bikira Maria. Ni Bibi peke yake ambaye hakufumba macho kwa sababu ya yule kijana. Yeye aliyafumba kabla sijazaliwa.

Ndugu yangu naye hakumnyooshea mtu mkono. Padri akitaja tu neno amani, yeye anaingiza mikono yote miwili mifukoni na kutazama njia ya msalaba ukutani.

Mama ndiye aliyekuwa akiichimbua hiyo mikono. Anaingiza mkono wake kwenye mfuko wa yule kijana, anautoa mkono wa kijana, anaufunika kwa viganja vyake viwili na kutulia hapo. Hasemi "amani ya Kristo" upesi upesi kama watu wengine. Anatulia. Kwaya inaanza Mwanakondoo wa Mungu, mama bado yuko palepale. Akija kunigeukia mimi, watu wameshapiga magoti, basi ananigusa bega kama anayenipangusa vumbi.

Kabla ndugu yangu hajaja, nafasi ya katikati ya mama na Bibi ilikuwa yangu. Mkono wa mama ulikuwa ukinifikia mimi kwanza, na nilikuwa namtekenya kiganja ili acheke mbele ya Sakramenti, naye alikuwa akicheka, halafu nyumbani ananichapa. Huo ndio ulikuwa mpango wetu. Sasa nilikaa mwisho wa benchi, nguzoni, nikisubiri amani iliyokuwa ikiisha kabla haijafika. Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Yeye anafunga tangu usiku wa manane kabla ya Komunio, kwa sheria ya zamani, hata maji hagusi, na Bibi anamsifu kwa majirani. Mimi ndizi ya kuchoma ilinidondoka mfukoni tukiwa njiani. Samaki akipikwa, kichwa ni chake. Nikitania, mama anasema ninyamaze, mwenzangu ana huzuni. Mtu anaweza kushindana na mwenye akili, hata na mwenye nguvu. Na mwenye huzuni utashindana naye vipi?

Ndiyo maana nikachukua mfuko. Jumapili ile, padri alipotamka, nikauvaa, nikapita mbele ya mama kabla hajageuka, nikamnyooshea ndugu yangu mkono unaong'aa. Nikasema, kwa sauti ya padri kabisa, "Amani iwe nawe." Benchi la nyuma likapasuka kwa kicheko. Nilikuwa nimetegemea hicho kicheko. Yeye aliutazama mfuko. Akatoa mkono, akaushika wangu pamoja na nailoni yake, akaniitikia, "Et cum spiritu tuo." Nailoni ina kelele. Bibi akafumbua macho, akaona yote, akayafumba tena.

Njiani, mama alitangulia bila kugeuka. Bibi akaniuliza ule ulikuwa mfuko wa nini mkononi mwangu. Nilikuwa bado natafuta uongo wenye miguu, yule kijana akanitangulia. Akasema, "Bibi, ni kama padri anavyofanya siku ya Baraka ya Sakramenti. Anafunika mikono kwa kile kitambaa kirefu cha mabegani. Kitu kitakatifu hakishikwi kwa mkono mtupu."

Bibi akasimama katikati ya migomba. Akanitazama, akasema, "Kumbe na wewe una akili." Alilisema kama mtu aliyeonyeshwa muujiza mdogo usiomhusu sana. Mengine yote alimuuliza yeye: je, leso inafaa, je, lazima iwe nyeupe.

Jumapili iliyofuata Bibi alikuja na leso nyeupe iliyopigwa pasi. Wenzake walikuwa wameshapata habari. Mmoja alileta kitambaa cha kufunikia kiti, mwingine alitumia ncha ya kanga yake. Padri aliposema tutakiane amani, wale akina mama waliokuwa wamekaa kama mawe miaka yote wakafunika mikono, wakageuka, wakawapa watu amani. Padri akasahau sala inayofuata. Na wale vijana wa kwaya, walipoona vitambaa, wakapata ujasiri. Wakatoka kwenye mabenchi yao, leso mkononi, wakamjia ndugu yangu mmoja mmoja. Sikujua kama ni heshima kwa Mungu au ni woga uliopewa nguo ya Jumapili. Yeye hakuuliza. Alishika kila kitambaa kilichomjia, akaitikia, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu nikayaona meno yake. Alikuwa anacheka. Mimi nguzoni nilipewa mkono na mzee mmoja tu, naye alidhani mimi ndiye yule kijana wa Kilatini.

Nje ya kanisa Bibi aliwasimulia wenzake jinsi "mjukuu wangu wa Muleba" alivyoufafanua mfuko. Mjukuu wake. Mzaha wangu, mfuko wangu, dhambi yangu, vyote vilikuwa vimehamia kwake.

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa amekaa chini akimenya ndizi za mchana, Bibi yuko barazani na watu wake, ndugu yangu ameshuka kisimani. Nikamwambia kila kitu. Kwamba mfuko niliuchukua mimi. Kwamba haukuwa kitambaa cha padri wala cha askofu, nilitaka watu wamcheke. Hata kwenye kitubio sijawahi kusema wazi namna ile. Na sikusema kwa sababu najuta, sitaki kudanganya. Nilisema kwa sababu heri nichapwe kwa kitu changu kuliko yeye asifiwe kwacho.

Mama aliendelea kumenya. Alisema anajua, ni yeye aliyeuanika ule mfuko, na aliukosa kambani asubuhi ileile. Alisema hata fimbo alikuwa ameshaikata, ila mwenzangu alikuja usiku kuniombea. Hapo ndipo nikachukia kabisa. Hata fimbo zangu amezichukua.

Basi nikamuuliza lile swali lenyewe. Nikamuuliza kwa nini kila Jumapili anaanza naye. Kwa nini hata leo, kanisa zima limepanga foleni kumshika, yeye bado alimshika kwanza, bila kitambaa, mpaka wimbo ukaanza, na mimi mtoto wake wa kumzaa nikapata bega.

Mama akaweka kisu chini. Akajifuta utomvu wa ndizi kwenye majani ya sakafuni, kidole kimoja kimoja, akaniambia hivi:

"Mkono wa mwisho alioushika kabla ya huu wangu ni wa mama yake, na aliushika mpaka ukapoa. Kwa hiyo naanza naye, na wewe utangoja, bojo mwanangu, hata kama ni mpaka uoe. Sasa inuka ukampokee maji, ameenda peke yake na ndoo mbili."